Kuwaona bakteria wa tumbo la nguruwe kwa hadubini ya shule

Ukitaka kuwaona bakteria walioumbika hasa kwa ajili ya kuishi tumboni, wale wa ukoo wa Helicobacter, usianze na hadubini. Anza na mchinjaji. Hapa Mbeya nguruwe huchinjwa alfajiri, na ukijivuta hadi saa nne utakuta tumbo limeshapasuliwa, limekoshwa kwa maji mengi na limetundikwa likisubiri wateja. Tumbo lililokoshwa halikufai. Bakteria tunaowatafuta hawakai kwenye chakula, wanakaa kwenye ute unaofunika ukuta wa ndani, na ute ndio unaoondoka kwanza maji yakipita.

Mimi ni fundi wa maabara. Nilitumia miaka mingi kusoma slaidi za malaria na makohozi kabla ya kuhamia maabara ya shule huku Uyole, kwa hiyo maelekezo yangu yanategemea vitu ambavyo maabara za kawaida za Tanzania zinavyo: Giemsa, kabol fuksini, spiriti, na hadubini yenye lenzi ya mafuta. Kama shule yako haina rangi hizo, kaombe kidogo kwenye kituo cha afya kilicho jirani. Mililita chache zinatosha darasa zima, na sijawahi kuona mtu wa maabara akimnyima mwenzake Giemsa.

Mchinjaji mweleze mapema, jana yake ikiwezekana, kwamba unataka tumbo lisilopasuliwa, limefungwa kamba pande mbili, kwenye koo la chakula na kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba. Wangu siku hizi akiniona tu huuliza, "Shikamoo mama, leo tumbo la kula au la kusoma?" La kusoma nalitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Litoke kwa mnyama aliyekaguliwa na nyama yake ikapigwa muhuri. Mnyama aliyejifia usimguse kabisa, hata ukipewa bure, kwa sababu ya kimeta. Na uwahi. Ndani ya saa mbili tangu kuchinjwa utawaona bakteria katika umbo lao. Wakikaa bila chakula wala hewa wanayoitaka, hujikunja na kuwa viduara, na kiduara hakikuambii kitu. Kama lazima usubiri, paka ute kwenye slaidi pale pale machinjioni, iache ikauke, uende nayo kavu.

Kwa wanafunzi Waislamu, au yeyote asiyegusa nguruwe, kuna njia nyingine nzuri tu: tumbo la nne la ng'ombe, lile laini lenye tindikali, sehemu yake ya mwisho karibu na utumbo. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 1999 kwamba hata huko kuna bakteria wa ukoo huu, wakawapa jina la muda la Helicobacter bovis. Usichanganye na tumbo la kwanza, lile ambalo wauza supu huliita taulo. Hilo ni ulimwengu mwingine, na nitaligusia baadaye.

Kulipasua

Vaa glavu. Hii si mapambo: bakteria wa nguruwe tunayemtafuta, Helicobacter suis, anajulikana kuingia tumboni mwa binadamu na kuleta vidonda. Meza ifunikwe nailoni, hakuna kula wala kunywa chai chumbani, na mwisho kila kitu kipite kwenye maji ya klorini, mabaki yachomwe au yafukiwe shimo refu mbwa wasifukue.

Pasua kwa mkasi ukifuata upande mrefu uliobinuka, ulikunjue kama lilivyo. Chakula kimwage taratibu, usisugue. Sasa tazama kwa macho kwanza, maana hapa ndipo wengi wanapokimbilia slaidi na kupoteza nusu ya somo. Kuzunguka tundu la koo kuna kipande cheupe, kikavu, kigumu kidogo kama ngozi ya ndani ya mdomo. Hakina tezi wala ute. Baada ya hapo kuna eneo pana la rangi ya kijivu, kisha eneo jekundu lililokunjamana, ambako tindikali hutengenezwa, na mwisho kabisa eneo la kupauka linaloelekea kwenye utumbo, lenye uvimbe mdogo unaoziba tundu. Hilo la mwisho ndilo letu.

Kile kipande cheupe mara nyingi utakikuta na magamba ya njano au kidonda kabisa. Wafugaji wanaosaga chakula laini mno hupata vidonda hivi kuliko wanaosaga kwa ukubwa wa chenga, kwa hiyo ukiona kidonda, mwambie mwenye nguruwe. Atakushukuru kuliko utakavyomshukuru wewe kwa tumbo lake.

Chukua sampuli mbili, moja kutoka kipande cheupe na nyingine kutoka eneo la mwisho. Tumia ukingo wa slaidi safi: kwangua ute mara moja, kwa kubonyeza kidogo hadi upate na seli za juu za ukuta. Ute peke yake una bakteria, lakini walio wengi wamejibanza chini, karibu na midomo ya tezi.

Wakiwa hai

Weka tone la maji ya chumvi ya dripu kwenye slaidi, changanya na ute kidogo sana, funika. Shusha kondensa, ile lenzi ya kukusanya mwanga chini ya slaidi, funga tundu la mwanga hadi picha iwe na kivuli, tumia lenzi ya 40. Mwanga mwingi huwafuta, kwa sababu miili yao haina rangi. Umeme ukikatika, geuza kioo kuelekea dirishani. Mwanga wa mbingu yenye mawingu unafaa kuliko jua kali.

Mwanzoni utaona takataka: seli zilizochanika, matone ya mafuta, chembe za pumba. Kaa na eneo moja. Baada ya muda kitu chembamba kitapita kwa kasi kikijizungusha, kitasimama ghafla, kisha kitarudi kilikotoka bila kugeuka. Huyo ndiye. Juni na Julai, maabara za kwetu zikiwa baridi hadi unaona pumzi yako, hupunguza mwendo hata ukadhani wamekufa, basi pasha slaidi kwa kuishika kiganjani kidogo. Tumbo la nguruwe lina joto la nyuzi 39, na wao wamezoea hilo.

Kumbuka kwamba si kila kilichopinda ni Helicobacter. Campylobacter naye hupinda na hukimbia, ila ni mfupi na mwembamba, mara nyingi mkunjo mmoja au miwili. Unayemtaka amekazwa mizunguko kadhaa mfululizo, umbo la skrubu hasa.

Kuwapaka rangi

Andaa slaidi mbili kwa kila sampuli. Ya kwanza iwe ya Giemsa: kausha, zamisha kwenye methanoli dakika moja, kisha Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, sawasawa na unavyofanya kwa malaria. Suuza, simamisha ikauke. Tia mafuta, lenzi ya 100. Bakteria hutoka bluu iliyokolea juu ya ute wenye uwaridi, na kwa kuangalia umbo hii ndiyo slaidi ninayoipenda kuliko zote.

Ya pili iwe ya Gram, iliyobuniwa na Mdenmarki Hans Christian Gram mwaka 1884. Pitisha slaidi kavu juu ya moto wa spiriti mara tatu, kristali vayoleti dakika moja, suuza, aiodini dakika moja, suuza, spiriti kwa sekunde chache hadi rangi isitiririke tena, suuza mara moja. Hapa vitabu vingi husema safranini. Mimi nasema kabol fuksini iliyozimuliwa mara kumi, dakika moja, kwa sababu bakteria wa ukoo huu hushika safranini kwa shida sana na utawakosa huku wapo.

Linganisha sampuli zako mbili. Kutoka kipande cheupe utapata fito za zambarau zilizonyooka, zimekaa moja moja au kwa minyororo, nyingi zikiwa zimeng'ang'ania magamba bapa ya ngozi. Hao ni laktobasili, ndugu wa wanaogandisha maziwa, na wana ukuta mnene, ndiyo maana zambarau haikutoka. Kutoka eneo la mwisho utapata skrubu za waridi: ukuta mwembamba, utando wa nje juu yake. Tumbo ni moja, mnyama ni mmoja, na kati ya sampuli hizi mbili hapafiki sentimita 30, lakini wakazi hawana undugu wa karibu.

Kuchagua rangi kumeshawahi kuchelewesha tiba ya watu kwa miongo. Mtaliano Giulio Bizzozero aliwaona bakteria wa skrubu ndani ya tumbo la mbwa, akaandika mwaka 1893. Mwaka 1896 Hugo Salomon akawaona kwa mbwa, paka na panya, akawahamishia hata panya wadogo. Kisha mwaka 1954 Mmarekani Palmer akachunguza vipande zaidi ya elfu moja vya matumbo ya watu kwa rangi ya kawaida ya hospitali, isiyowaonyesha vizuri, akasema hakuna. Wengi wakaamini kwamba tindikali haiachi kiumbe. Robin Warren wa Perth, Australia, alianza kuwaona kwa binadamu mwaka 1979 na akatumia rangi ya fedha ili watokeze. Mwaka 1982 yeye na Barry Marshall wakafanikiwa kuwaotesha, baada ya sahani kuachwa kwenye joto sikukuu yote ya Pasaka. Tuzo ya Nobel wakaipata mwaka 2005. Kwa hiyo mwanafunzi akikwambia "mwalimu, sijaona kitu", muulize kwanza ametumia rangi gani.

Kusoma umbo

Pima. Kama huna kipimo cha ndani ya lenzi, tafuta seli nyekundu ya damu kwenye slaidi hiyo hiyo. Ya nguruwe ina upana wa karibu maikromita 6. Helicobacter suis ana urefu wa maikromita 2 hadi karibu 7, kwa hiyo aliye mrefu anaizidi kidogo seli hiyo. Yule wa binadamu, Helicobacter pylori, ni mfupi, maikromita 2 hadi 4, na mkunjo wake ni hafifu.

Mikia yao hutaiona, usihangaike. Hadubini ya mwanga inaishia karibu maikromita 0.2, na mkia ni mwembamba kuliko hapo mara kadhaa. Kwa hadubini ya elektroni imeonekana kwamba suis ana mikia kati ya 4 na 10 kila ncha, wakati pylori ameiweka yote ncha moja. Wote wawili wameivika mikia ala, utando unaoaminika kuikinga na tindikali. Ndiyo maana ulimwona mmoja akirudi nyuma bila kugeuka: mwenye mikia pande zote hahitaji kugeuka.

Na kwa nini skrubu? Ute wa tumbo ukiwa na tindikali huganda. Bakteria aliyenyooka anasukuma bila kwenda mbali. Watafiti waliwavuruga pylori jeni zinazokunja ukuta wao, wakatoka walionyooka, na hao wakashindwa kuweka makazi tumboni mwa panya kama wenzao. Lakini umbo peke yake halitoshi, maana ute ulioganda unabaki umeganda. Anahitaji kuuyeyusha pale alipo, na hilo unaweza kuliona kwa macho bila hadubini.

Jaribio la urea

Chukua urea, hata hii ya mbolea ya kukuzia mahindi, gramu 2 kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia matone ya fenoli nyekundu, rangi inayobadilika kufuatana na tindikali, hadi maji yawe ya njano. Yakitoka ya waridi, dondosha ndimu tone moja moja hadi yarudi njano. Ukikosa fenoli nyekundu, maji ya kabichi ya zambarau iliyochemshwa yanafanya kazi, ila hapo utatazamia yageuke kuwa bluu. Gawanya kwenye vichupa viwili. Kimoja weka kipande cha ukuta wa eneo la mwisho, ukubwa wa punje ya mchele. Kingine weka nyama ya kawaida ya nguruwe huyo huyo, ukubwa uleule. Viweke kwenye maji ya vuguvugu.

Kama bakteria wapo wa kutosha, ndani ya saa moja au mbili uwaridi huanza kuzunguka kile kipande cha kwanza. Kimeng'enya chao kinaitwa yureasi, kina madini ya nikeli ndani yake, na kazi yake ni kuvunja urea kuwa amonia na kabonidayoksaidi. Amonia inazima tindikali inayomzunguka bakteria na ute unalegea. Pylori ana hata mlango maalumu kwenye utando wake unaoingiza urea tindikali ikizidi na kufunga ikipungua. Hiyo ni akili nzuri, kwa sababu amonia nyingi pasipo tindikali ingemuua mwenyewe.

Kichupa kikigeuka kesho yake asubuhi, usikihesabu. Bakteria wa kuozesha nao wana yureasi. Wanayo vilevile bakteria wa tumbo la kwanza la ng'ombe, ila kule wanaitumia kupata chakula: urea inayorudi na mate ya ng'ombe huvunjwa, amonia yake hujengwa kuwa protini ya bakteria, na baadaye ng'ombe humeng'enya bakteria hao hao. Ndiyo sababu mfugaji anaweza kumpa ng'ombe urea kidogo sana iliyochanganywa na molasi, na ndiyo sababu ng'ombe wa Rungwe akifungua mwenyewe mfuko wa mbolea ya urea hufa haraka: amonia hutoka nyingi kuliko bakteria wanavyoweza kuitumia.

Kusoma ukoo wao

Hapa wanafunzi huuliza: huyu wa nguruwe ametoka wapi? Jibu la haraka, kwamba kila mnyama amezaliwa na wake tangu mwanzo, ni kweli nusu tu. Pylori kweli ametembea na binadamu. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tofauti za jeni zake hupungua kadiri unavyokwenda mbali na Afrika Mashariki, sawa na jeni za watu wenyewe, na kwamba alitoka nasi huku karibu miaka 58,000 iliyopita.

Ila wengine waliruka. Duma na simba wana bakteria anayeitwa Helicobacter acinonychis, na ndugu yake wa karibu kuliko wote ni pylori wetu. Nani alimpa nani? Huwa nawaandikia wanafunzi ubaoni sentensi mbili. Ya kwanza: "Mama amebandika chungu cha maharage." Ya pili: "Mama amebanika chngu cha mahrage." Nauliza ipi imenakiliwa kutoka ipi, na hakuna anayekosea. Jenomu ya acinonychis, yaani jeni zake zote kwa ujumla, iliyosomwa mwaka 2006, ina jeni nyingi za protini za nje zilizokatika, wakati kwa pylori jeni hizo ni nzima. Kwa hiyo mruko ulitoka kwa binadamu kwenda kwa paka wakubwa, na njia rahisi kuifikiria ni simba kumla mtu. Makadirio ya kwanza yalisema miaka 200,000 iliyopita, ya baadaye yakaushusha hadi karibu 50,000. Mtoto wa Iringa aliyekulia karibu na Ruaha haulizi maswali mengi hapo.

Nguruwe naye hakuzaliwa na wake. Mwaka 2018 watafiti walilinganisha suis wa nguruwe na wa makaku, kima wa Asia, wakaona kwamba wa makaku ndio wa zamani, na kwamba aliruka kwenda kwa nguruwe kati ya miaka 100,000 na 15,000 iliyopita. Ufugaji ukamsambaza. Hiyo skrubu ya waridi uliyoipata kwenye slaidi ya kitimoto cha Mbeya ilianzia kwa kima wa mbali.

Na wenyeji nao hubadilishwa na bakteria. Ng'ombe anayekula bakteria anahitaji kitu cha kuwapasua, na tumbo lake la nne hutoa laisozaimu, kimeng'enya ambacho kwetu kiko kwenye machozi, ila yake imerekebishwa ivumilie tindikali. Mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba langur wa India, kima mla majani wa ukoo mmoja na mbega wetu wa Rungwe na Udzungwa, amefanya marekebisho yaleyale kwenye laisozaimu yake, bila kurithi kwa ng'ombe. Hili nalipenda kuliko yote katika somo zima, lakini halionekani kwa hadubini, kwa hiyo lifundishe mwisho, slaidi zikikauka.

Usijaribu kuwaotesha. Suis aliwashinda wataalamu hadi mwaka 2008, pale maabara ya Ghent, Ubelgiji, ilipompa chakula chenye tindikali na hewa yenye oksijeni kidogo, na shule haina vifaa vya kumfungia kwa usalama. Tunza slaidi badala yake. Ya Giemsa ifute mafuta kwa karatasi laini, iandike kwa penseli kwenye ukingo mnyama gani, sehemu gani ya tumbo na saa ngapi tangu achinjwe, uiweke gizani. Itasomeka kwa muda mrefu. Muhula ujao chukua tumbo la mbuzi, kwangua sehemu ileile, uiweke kando ya hii.